Tazama bawa la nzi kabla ya kununua dawa

Msimu wa maembe hapa Tezo, lalama ni ile ile: embe zuri kwa nje, ukilipasua lina funza, na dalali anashusha bei ya mti mzima. Wakulima husema ni nzi, na ni kweli. Mimi huuliza ni nzi yupi, kwa kuwa mtego unaomnasa mmoja humwacha mwengine akitaga.

Kwanza tuwaondoe wasiohusika. Vijinzi vya macho mekundu vinavyozengea maembe yaliyooza hufuata uchachu tu. Nzi wa matunda hutoboa embe likiwa bado mtini, akataga mayai chini ya ganda.

Mshike mmoja, mweke juu ya karatasi nyeupe, kisha mkuze kwa kamera ya simu. Nzi wetu wa asili ya Afrika, Ceratitis cosyra, ni mdogo, wa manjano, ana madoa meusi mgongoni, na mabawa yake yamechorwa kama leso kwa michirizi ya manjano na hudhurungi. Mgeni kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, ana mabawa yanayopenya mwanga, yenye ukanda mwembamba mweusi ukingoni mwa mbele. Mgongoni ana mistari miwili ya manjano, na kiuno chake chembamba huwafanya wengi wamdhani nyigu.

Huyu mgeni aligunduliwa hapa Pwani na watafiti wa ICIPE mwaka 2003. Nzi hawa ndio waliofanya Kenya isimamishe kuuza maembe Ulaya mwaka 2014, na soko hilo likafunguliwa tena 2021.

Sasa, chambo cha methili yujenoli huvuta madume wa huyo mgeni. Cosyra hakimshughulishi. Ikiwa nzi wako wana mabawa ya leso, pesa ya chambo hicho imepotea. Chambo cha protini huvuta aina zote mbili, madume na majike.

Liko pia jambo lisilohitaji duka. Funza hutoka ndani ya embe lililoanguka, akaingia mchangani, akageuka nzi mpya. Basi okota maembe yaliyoanguka kila siku, uyafukie shimo la futi mbili. Mwambie na jirani afanye hivyo hivyo, maana nzi hajui mpaka wa shamba. Ukiokota peke yako, wa kwake watahamia kwako.