Unataka kuongoza filamu Marekani? Safari ya Wanuri Kahiu inaonyesha mlango hauanzii Netflix

Tarehe 17 Agosti 2022, Netflix iliachia filamu ya Look Both Ways, nyota wake akiwa Lili Reinhart. Hadithi ni ya Kimarekani na waigizaji wakuu ni wa Marekani. Ila mwongozaji ni Mkenya, Wanuri Kahiu.

Kwa kijana mwenye kamera Nairobi au Dar es Salaam, ni rahisi kudhani njia ni fupi: tengeneza filamu, itume Netflix, subiri simu. Mambo hayaendi hivyo.

Netflix haipokei filamu wala skripti kutoka kwa mtu isiyemfahamu. Kazi hupelekwa na wakala, mwanasheria au mtayarishaji ambaye tayari anafanya nao biashara. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: nani atakupeleka?

Miaka 14 kabla ya Netflix

Kahiu alisomea uongozaji wa filamu katika chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles. Lakini jina alilijenga kwa hadithi za nyumbani.

Filamu yake From a Whisper ya mwaka 2008 inahusu majeraha yaliyoachwa na shambulio la bomu la 1998 kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Mwaka 2009 ilimpa tuzo ya mwongozaji bora katika Africa Movie Academy Awards.

Ikafuata Pumzi, filamu fupi ya dakika 20 hivi kuhusu dunia iliyoishiwa maji. Mwaka 2010 ilionyeshwa Sundance, tamasha la Marekani ambako mawakala na wanunuzi huenda kusaka vipaji vipya.

Mwaka 2018, Rafiki ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Nyumbani ilipigwa marufuku, kwa kuwa inasimulia mapenzi ya wasichana wawili. Mahakama Kuu ilikuja kuiruhusu ionyeshwe kwa siku 7 tu.

Rafiki ilikuwa na washirika wa kifedha kutoka nchi kadhaa, hivyo soko la nyumbani lilipofungwa, bado ilikuwa na pa kwenda.

Tuzo zinasaidia hata kwenye viza

Marekani ina viza ya O-1 kwa watu wenye mafanikio ya kipekee, wakiwemo wa filamu na televisheni. Huwezi kujiombea mwenyewe. Lazima mwajiri au wakala aliyeko Marekani akuombee.

Ushahidi unaotazamwa ni pamoja na tuzo, habari zilizoandikwa kukuhusu na nafasi kubwa ulizoshika kwenye kazi zinazojulikana. Hivyo barua ya mwaliko wa tamasha au habari ya gazetini si ya kutupa. Ikikubaliwa, viza hiyo inaweza kutolewa hadi miaka 3 kwa mara ya kwanza.

Hela inalipwaje?

Hapa ndipo wengi huumia. Kuna dili za aina mbili kubwa.

Ya kwanza ni leseni. Filamu ni yako, jukwaa linakulipa liionyeshe kwa muda na katika nchi mlizokubaliana. Muda ukiisha, unaweza kuiuza tena.

Ya pili ni kuagizwa. Jukwaa linagharamia kazi yote, linaongeza malipo kidogo juu, kisha mara nyingi linachukua haki zote. Filamu ikitazamwa na mamilioni, hakuna viingilio vya kugawana kama kwenye majumba ya sinema.

Suala hilo lilichangia mgomo wa Hollywood mwaka 2023. Waandishi waligoma siku 148, waigizaji siku 118. Waandishi walirudi kazini wakiwa wamepata nyongeza kwa filamu na tamthilia zinazotazamwa sana mtandaoni.

Kama wao wenye vyama vikubwa walilazimika kugoma, anayesaini peke yake bila mwanasheria yuko hatarini zaidi.

Mnunuzi anaweza kuondoka

Januari 2024, Amazon Prime Video ilitangaza kusitisha uagizaji wa kazi mpya Afrika na Mashariki ya Kati ili kuweka nguvu Ulaya. Aliyetegemea mnunuzi mmoja, siku kama hiyo hubaki na skripti mkononi.

Kwa anayeanza leo, hatua ya kwanza iko ndani ya uwezo wake: filamu fupi moja iliyo safi, yenye hadithi anayoijua kuliko mtu mwingine, itumwe kwenye matamasha. Ya pili ni kusoma mkataba hadi mwisho na kujua haki zinabaki kwa nani. Pumzi ilikuwa ya dakika 20 tu, na kutoka hapo hadi Netflix ilichukua zaidi ya miaka 10.