Mfano wa Ndege: Kuunda na Kusahihisha Ndege Ndogo ya Plastiki

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za kuunda mifano ya ndege kwa vipande vya plastiki, hasa ile ya zamani iliyouzwa katika masanduku, na jinsi fundi awezavyo kuisahihisha hata ifanane na ndege yenyewe.

Labda mtu atasema, "Huo ni mchezo wa watoto." Ni kweli kwamba watoto wetu huunda ndege kwa mabua ya mahindi na vijiti vya mianzi, wakazitia magurudumu ya vifuniko vya chupa, nazo hupendeza. Lakini itazame ndege ya mtoto kwa makini: ina mabawa mawili na mkia, wala huwezi kusema ni ndege gani. Ni ndege tu. Mfano ninaousema mimi ni wa ndege fulani, yenye jina lake na herufi zake, na mtu aijuaye ile kubwa akiuona mfano huutambua mara moja. Wakati wa vita tofauti hii ilikuwa na maana kubwa. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge mifano ya mti 500,000, ili askari wajifunze kutambua kwa umbo ndege za adui na ndege za wenzao. Bawa lililochongwa kwa kubahatisha liliweza kumfanya askari ampige mwenziwe.

Mifano ile ilifuata kipimo cha 1 kwa 72, yaani kila sentimeta 72 za ndege kubwa zilikuwa sentimeta 1 katika mfano. Kipimo kingine kitumikacho sana, hasa kwa ndege kubwa za abiria, ni 1 kwa 144. Ili mpate kuelewa vema, nitatumia kitu mkijuacho, yaani kile Kimondo kilicho katika mlima wa Marengi. Urefu wake wapata mita 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12. Tukikiundia mfano kwa kipimo cha 1 kwa 144, urefu wake utakuwa sentimeta 2 na kitu, mkubwa kidogo kuliko tunda la kahawa. Je, uzito wake utakuwa tani 12 zilizogawanywa kwa 144? Sivyo. Urefu umepungua mara 144, na upana vilevile, na kimo vilevile. Basi uzito hupungua mara 144, tena mara 144, tena mara 144, ndiyo karibu mara milioni 3. Kimondo kile cha tani 12, kikiundwa kwa chuma kilekile, kitakuwa na uzito wa gramu 4 tu, kama sukari ya kijiko kimoja cha chai. Mwanafunzi alishike neno hili, maana tutalihitaji tutakapofika kwenye pua ya ndege.

Sasa tutazame jinsi vipande vyenyewe vifanywavyo. Plastiki huyeyushwa kwa moto, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Ikipoa hutoka na umbo la kalibu ile. Kampuni ya Frog ya Uingereza ilianza kuuza mifano ya namna hii mwaka 1936, kwa jina la Penguin. Plastiki yao ilikuwa ya aina ipindayo kadiri miaka ipitavyo, ndiyo sababu mabawa mengi yaliyobaki yamepindika kama ubao uliopasuliwa ungali mbichi. Baada ya vita kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa na Nicholas Kove mwaka 1939, ilitumia plastiki bora iitwayo polisitirini. Mwaka 1952 ikatoa merikebu ya Golden Hind, na mwaka uliofuata ndege ya Spitfire, kwa bei ambayo mtoto wa shule wa Uingereza aliiweza.

Kalibu ya chuma ni kitu cha gharama kubwa, kwa hiyo mwenye nayo huitumia miaka mingi. Kama mchonga kalibu alikosea kipimo cha mkia mwaka 1960, kosa lile litatoka katika kila sanduku kwa miaka 30 au 40, na kila mnunuzi atalipokea kana kwamba ndiyo kweli. Mchoro uliochapwa juu ya sanduku hauwezi kulitibu. Dawa yake ni jicho la mtu, rula, na picha nzuri za ndege yenyewe.

Tuchague ndege gani basi? Watu wa pande hizi waliziona ndege mapema, maana tangu mwaka 1932 zile za Imperial Airways zilizokwenda Cape Town zilitua Mbeya, zikitoka Dodoma, ndipo zikaelekea Mpika. Lakini mimi nitachagua nyingine iliyo karibu zaidi na mioyo ya wazee wetu, nayo ni Super VC10 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki.

Shirika hilo lilianza kazi mwaka 1946, likawa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Kati ya mwaka 1966 na 1970 lilipokea Super VC10 tano. Ndege hii ilibuniwa makusudi kwa viwanja vya nchi za joto na za juu, kama Nairobi, ambako hewa ni nyepesi na ndege hupata taabu kuinuka. Injini zake 4 za Rolls-Royce ziko nyuma karibu na mkia, mbili kila upande, na bawa dogo la mkia limekaa juu kabisa. Kwa kuwa mabawa makubwa hayakubeba injini, yalikuwa na nafasi ya kutosha kwa vile vibawa vinavyofunguka wakati wa kuruka na kutua.

Mwaka 1977 shirika lilivunjika, na kila nchi ikaenda njia yake. Moja ya ndege zile, 5X-UVA, ilikuwa imekwisha kuharibika Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, watu 43 wakafa. Zile 4 zilizosalia zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za jeshi za kuwapa wenzao mafuta angani. Zikapakwa rangi ya kijivu na kupewa namba mpya. Mwezi wa Septemba 2013 VC10 ya mwisho kuruka katika dunia nzima ilitua Bruntingthorpe, Uingereza, na namba yake ilikuwa ZA147. Wachache waliokuwapo walikumbuka kwamba ndege ile, katika ujana wake, iliitwa 5H-MMT. Herufi 5H ni za Tanzania, kama 5X zilivyo za Uganda na 5Y za Kenya.

Haya, katika miaka ya 1960 Airfix ilitoa sanduku la Super VC10 kwa kipimo cha 1 kwa 144, lenye rangi za BOAC, shirika la Uingereza la siku zile. Mtu akiunda kama sanduku lisemavyo, atapata ndege ya Uingereza. Akitaka ya Afrika Mashariki itampasa kusahihisha, na sahihisho kubwa si rangi, kama wengi wadhanivyo. Ni mlango. Super VC10 za Afrika Mashariki zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto, mbele ya mabawa, ambao zile za BOAC hazikuwa nao. Mfano wenye rangi zetu lakini usio na mlango ule ni Mwingereza aliyevaa kanzu.

Kabla ya yote osha vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Visha kata vipande kwa kisu kikali. Usivivunje kwa mkono. Katika masanduku ya zamani utaona kingo nyembamba za plastiki iliyofurika nje ya kalibu, zikwangue polepole. Kisha viunganishe vipande bila gundi, ukivishika kwa uzi au mpira, upime kwa rula. Super VC10 kubwa ilikuwa na urefu wa mita 52.3, na mabawa yake yalienea mita 44.5. Gawanya kwa 144, utapata sentimeta 36.3 na sentimeta 30.9. Kama rula yako yasema vingine, tafuta kosa liko wapi sasa, maana baada ya gundi huna njia.

Gundi ya plastiki si kama gundi ya mti. Haikai katikati ikashika pande mbili, bali huyeyusha plastiki ya pande zote mbili, zikachanganyika, na dawa ikisha kuruka hewani vipande vimekuwa kitu kimoja. Ndiyo maana tone moja likianguka juu ya bawa huacha alama. Tena mvuke wake ni mbaya kwa kichwa na mapafu. Fanya kazi hii nje au dirishani, mbali na moto, wala watoto wadogo wasiachiwe chupa.

Kabla hujaufunga mwili wa ndege, ukumbuke Kimondo. Katika mfano plastiki ya mkia na injini zote ziko nyuma ya magurudumu, na puani hamna kitu. Basi ndege itakaa kwa mkia wake kama mbwa. Yapasa kutia uzito puani. Wengine hutumia risasi za zamani, lakini risasi ni sumu. Misumari mifupi au skrubu zatosha. Zishike kwa gundi ili zisichezecheze, ujaribu kuisimamisha ndege juu ya magurudumu kwanza, ndipo uufunge mwili.

Sasa tuje kwenye mistari. Mafundi wa zamani walipenda kuonyesha viungo vya mabati kwa mistari iliyoinuka. Mstari wenye unene wa nusu milimita waonekana mwembamba, lakini uuzidishe mara 144: ni sentimeta 7 na zaidi! Hakuna ndege iliyopita angani na matuta kama ya shamba la viazi. Isugue mistari ile kwa msasa laini uliotiwa maji, kisha uchore mingine kwa ncha ya sindano, ukiongozwa na rula, kwa mkono mwepesi. Ukingo wa nyuma wa bawa nao huwa mnene mno, nao usuguliwe kwa ndani kabla ya kuunganisha.

Mlango wa mizigo huchorwa kwa sindano iyo hiyo. Upana wake ulipata mita 3 na nusu, na kimo chake mita 2 na kidogo. Katika mfano ni kama milimita 24 kwa 15. Kata kipande cha bati jembamba cha kipimo hicho, uzungushe pembe zake kidogo kwa tupa, ukishikilie mahali pake na kuzungusha sindano kandokando. Usichimbe mara moja. Pitisha mara 5 au 6. Mkono ukiteleza, jaza puti, acha ikauke, sugua, anza tena.

Hapa kuna ubishi kati ya wapenzi wa mifano. Wako wakusanyao masanduku ya zamani na kuyaweka yamefungwa, kwa kuwa sanduku lisilofunguliwa lina bei kubwa kuliko mfano uliokwisha kuundwa. Wananena kwamba kulifungua ni kuharibu mali. Kwa sanduku lililobaki moja au mawili duniani nakubali. Lakini yale yaliyotolewa kwa maelfu yalifanywa yaundwe, na vipande vilivyofungiwa kabatini havimfundishi mtu umbo la VC10.

Na asiye na sanduku je? Kazi ni ileile kwa mti laini usio na mafundo: chora ndege kwa kipimo ukiitazama kwa ubavuni na kutoka juu, kata, chonga, pima kila mara. Wale wanafunzi wa mwaka 1942 hawakuwa na plastiki, na mifano yao ilifaa.

Rangi zitiwe kwa mapako membamba mengi, kila moja likauke kabla ya jingine. Kwa mpango wa rangi za shirika tafuta picha ya ndege ileile unayoiunda, na ya mwaka uleule, kwa sababu mashirika hubadili mapambo yao. Fundi aliyetumia picha mbili za miaka mbalimbali huishia na ndege ambayo haikuwako kamwe. Picha za kubandika zilizomo katika masanduku ya zamani mara nyingi zimegeuka manjano. Zitie katika mfuko wa plastiki safi uzibandike kwenye kioo cha dirisha lipigwalo na jua kwa wiki kadhaa, na manjano itafifia. Kisha zipake vanishi nyembamba kabla ya kuzitia majini, zisije zikakatika vipande.

Herufi za usajili huja mwisho. Kwa mfano huu chagua 5H-MOG, iliyofika mwaka 1970 na kuwa ya mwisho katika VC10 zote 54 zilizoundwa. Nayo ndiyo iliyopelekwa Dunsfold mwaka 2013, ikahifadhiwa na jumba la makumbusho la Brooklands kwa namba yake ya jeshi, ZA150. Ziandike kwa brashi ya unywele mmoja au miwili, ndege ikiwa imelazwa ubavu na mkono umeegemezwa kitabuni, na uache zikauke usiku kucha kabla ya kuigeuza upande wa pili.