Fahamu: Mwanamke anapokuwa 'mume' Tarime

Wilayani Tarime, mkoani Mara, mama wa Kikurya mwenye mali lakini asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wa mahari na kuoa binti. Ndoa hiyo huitwa nyumba ntobhu. Si suala la mapenzi baina yao: binti huzaa na mwanamume, na watoto huhesabiwa kuwa wa mama aliyetoa mahari.

Hapo ndipo wanasosholojia hutenganisha mambo matatu: maumbile ya mwili, jinsia, yaani nafasi na majukumu ambayo jamii humpangia mtu, na mvuto wa kimapenzi. Ann Oakley wa Uingereza aliyafafanua mawili ya kwanza katika kitabu chake cha mwaka 1972. Kwa Wakurya, 'mume' ni cheo, na mwenye ng'ombe anaweza kukishika.

Tusiipambe desturi hii, hata hivyo. Ipo kwa sababu urithi bado unamdai mtoto wa kiume, na binti anayeolewa mara nyingi hutoka katika familia maskini.

Nchini Kenya, Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa kama hiyo ya Wanandi mwaka 2011, katika kesi ya mirathi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 haiitambui.