Tuhesabu Meno ya Watoto Wetu

Wamama wapenzi, juma hili tunawaomba kazi moja ndogo, isiyodai hata franka moja. Jioni, kabla ya kulala, ita mtoto wako wa darasa la kwanza au la pili, mwambie afungue kinywa mbele ya mwangaza, kisha hesabu meno yake. Namna ya kuhesabu tutaeleza hapa chini. Kwanza tuseme kwa nini sisi walimu tunaingia katika mambo ya kinywa.

Tangu masomo ya msingi katika shule za serikali yawe bila malipo mwaka 2019, madarasa yetu ya Bunia yamejaa. Katika kundi kubwa namna hiyo, mtoto anayepiga kelele anaonekana upesi. Mwenye jino bovu haonekani. Anakaa kimya, shavu juu ya mkono, na wakati wa kusoma kwa sauti anakataa kufungua kinywa. Usiku hakulala. Asubuhi alikunywa chai tu, kwa sababu muhogo unamuumiza. Mwisho wa muhula watu wanasema ana kichwa ngumu, na hakuna aliyeuliza habari ya jino.

Kutafuna na ubongo

Kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka usoni na kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Ndio unaobeba maumivu ya jino, na ndio pia unaoamuru misuli ya mataya ifanye kazi. Tunapotafuna, ubongo unapata habari bila kukoma: chakula ni kigumu au laini, kiko upande gani, kimesagika au bado. Wakati huo damu inayokwenda katika sehemu kadhaa za ubongo inaongezeka.

Mwaka 1999 wachunguzi wa Japani walionyesha kwamba panya wazee walioharibiwa magego walishindwa kukumbuka njia kuliko wenzao, na chembe za sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu zilipungua. Panya si mtu. Lakini hata kwa watu, katika nchi mbalimbali, imeonekana kwamba wazee waliopoteza meno mengi wanasumbuliwa zaidi na usahaulifu. Waganga bado wanajadiliana kiasi gani kinatokana na kutotafuna, na kiasi gani kinatokana na umaskini, ugonjwa au kula vibaya. Basi tusidanganyane: kutafuna muwa hakumfanyi mtoto awe wa kwanza darasani. Lakini mtoto asiyeweza kutafuna anakula kidogo, analala vibaya, na anasoma akiwa na maumivu. Hilo halina majadiliano.

Jino la miaka sita

Mtoto ana meno 20 ya maziwa. Mtu mzima ana 32. Karibu na umri wa miaka sita, gego la kwanza la kudumu linatoka nyuma kabisa, juu na chini, kulia na kushoto: yote ni manne. Linatoka pale ambapo hakuna jino lililong'oka, na kwa hiyo wamama wengi hawalioni likija. Likianza kutoboka tunasema, "Ni la maziwa, litaanguka, lingine litakuja." Hakuna lingine litakalokuja. Gego hilo ndilo lenye kazi kubwa ya kusaga, na linatakiwa kumtumikia mtoto mpaka uzee.

Hesabu hivi: anzia katikati ya meno ya mbele, nenda upande mmoja. Kama jino la mbele limeanguka, hesabu pengo lake. La kwanza mpaka la tano ni sehemu ya meno ya maziwa. Linalofuata, la sita, ni la kudumu. Likiwa na doa jeusi au shimo, usingoje maumivu. Mpeleke kwa munganga wa meno likiwa bado linaweza kuzibwa.

Tufanye nini nyumbani?

Vijidudu vya kinywani vinakula sukari na kutoa asidi inayoyeyusha jino. Kinachodhuru zaidi ni sukari inayorudi mara kwa mara. Bomboni inayonyonywa asubuhi yote ni mbaya kuliko kitu kitamu kinacholiwa mara moja pamoja na chakula. Fedha ya bomboni inaweza kununua karanga au muhindi wa kuchoma. Vinatafunwa, vinaleta mate, na mate yanasafisha meno.

Apige burosi mara mbili kwa siku, na hasa kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye fluori. Mtoto wa miaka mitatu mpaka sita atumie kiasi cha punje moja ya muhindi, ateme, asimeze. Mkono wa mtoto mdogo haufiki nyuma, kwa hiyo mama au dada mkubwa amsaidie kwenye lile jino la sita.

Shavu likivimba au homa ikipanda, usipoteze siku kwa dawa za kuweka ndani ya shimo. Nenda kwenye kituo cha afya mara moja. Na usikubali jino ling'olewe na mtu asiyechemsha vyombo vyake.

Tusiwasahau koko zetu. Koko asiye na meno tusimwachie chai na uji siku zote. Samaki atolewe miiba na kusagwa vizuri, sombe itwangwe laini na kutiwa karanga, ili apate chakula chenye nguvu.

Kwenye mkutano ujao, kila mama aje na hesabu: watoto wangapi nyumbani, na wangapi wana shimo kwenye jino la sita. Tukijua idadi, tutaenda pamoja kumwona munganga na kumwomba siku moja kwa watoto wetu wote.