HATAZA: VITU VYA NYUMBANI NA HAKI YA ALIYEVIBUNI



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyetupa akili na mikono ya kufanyia kazi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, tazama vitu tunavyovitumia kila siku bila ya kuvifikiria. Jioni ya Ramadhani chai inakaa moto katika chupa mpaka watu warudi kutoka tarawehe. Siku ya mvua dereva wa basi anawasha waipa, na njia inaonekana. Hakuna kimoja kati ya vitu hivi kilichoota chenyewe kama majani. Kila kimoja kina mtu aliyekaa akakifikiria kabla ya wengine. Je, mtu huyo ana haki gani juu ya fikra yake? Na sisi tunaokuja baada yake tuna haki gani?

Katika makala haya tutaangalia namna suala hilo lilivyoshughulikiwa mwanzoni mwa karne ya 20 huko Ulaya na Marekani, wakati vitu vingi vya nyumbani vilipoanza kusajiliwa. Kisha tutaona wanazuoni wetu wamesema nini.

HATAZA NI NINI?

Hataza ni hati ya serikali inayompa mbunifu wa kitu kipya haki ya kuwazuia wengine wasikitengeneze wala kukiuza, kwa muda maalumu, bila ya ruhusa yake. Wengi hudhani kuwa hataza ni cheti cha sifa. Sivyo. Hataza ni mapatano ya pande mbili. Mbunifu anatoa siri yake yote: anaeleza kwa maandishi na michoro namna kitu chake kinavyofanya kazi, kiasi kwamba fundi mwenye ujuzi akisoma aweze kukitengeneza. Serikali nayo inamlinda kwa miaka kadhaa. Miaka ikimalizika, kitu kile kinakuwa cha watu wote.

Mapatano haya ni ya zamani. Mji wa Venice ulikuwa na sheria ya namna hiyo mwaka 1474, na Uingereza mwaka 1624. Lakini katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo maombi yalipomiminika. Marekani ilianza hesabu mpya ya hataza zake kwa namba 1 mwaka 1836, na mwaka 1911 ikafikia hataza ya milioni moja. Wakati huo mwombaji wa Marekani alilipa dola 15 alipopeleka maombi na dola 20 hati ilipotolewa, mbali na gharama za wakili. Hati ikishatoka, ulinzi wake ulidumu miaka 17. Ujerumani ilitoa miaka 15, na Uingereza miaka 14.

Si kila kitu kilikubaliwa. Kwanza, kitu kilitakiwa kiwe kipya, yaani kisiwe kimekwisha kujulikana. Pili, kiwe kinafaa kwa kazi. Tatu, kiwe na ubunifu wa kweli, si jambo ambalo fundi yeyote angelifanya bila ya kuumiza kichwa. Tena wazo tupu halikusajiliwa. Mtu hakuweza kusema, "Nataka chombo cha kuhifadhi chai ya moto," akapewa hati. Alitakiwa aonyeshe njia ya kuihifadhi.

CHUPA YA CHAI: ALIYEBUNI NA ALIYESAJILI

Chupa ya chai, ambayo wengi huiita themosi, haikubuniwa kwa ajili ya chai. Mwaka 1892 mwanasayansi Mskochi, James Dewar, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya Royal Institution mjini London, alikuwa na shida ya kuhifadhi gesi zilizopoozwa mpaka zikawa kimiminika. Joto kidogo tu la nje lilitosha kuzifanya zichemke na kupotea. Dewar akatengeneza chombo cha kioo chenye kuta mbili, akaiondoa hewa iliyokuwa kati ya kuta hizo. Joto hupita kwa shida sana mahali pasipo na hewa. Kisha kuta zikapakwa fedha ili zirudishe miale ya joto ilikotoka. Chombo kinachozuia joto lisiingie huzuia pia joto lisitoke, na ndiyo maana chupa hiyo hiyo huweka maji ya baridi na chai ya moto.

Dewar alikionyesha chombo chake kwa wanasayansi wenzake, lakini hakukichukulia hataza. Huko Berlin kulikuwa na fundi wa kupuliza vioo aliyeitwa Reinhold Burger. Yeye aliona kuwa chombo cha maabara kinaweza kuwa chombo cha nyumbani. Akaongeza namna ya kukiimarisha kioo na kukifunika kwa ganda la chuma, akaomba hataza mwaka 1903. Mwaka 1904 chupa hiyo ilianza kuuzwa kwa jina la Thermos, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya joto.

Dewar alipoona biashara inakua alikwenda mahakamani, akashindwa. Hakuna aliyekana kuwa yeye ndiye mbunifu wa kwanza. Lakini hakuwa na hataza, na bila ya hataza hakuwa na njia ya kuwazuia wengine. Tusiseme haraka kuwa Burger alimwibia. Dewar aliufungua mlango mwenyewe, jambo likawa la watu wote, na Burger akaongeza lake juu yake. Funzo ni kwamba kuwa wa kwanza kufikiri ni jambo moja, na kuandikisha ni jambo jingine.

WAIPA: HATI BILA YA FAIDA

Mwanamke mmoja wa Alabama, Marekani, aitwaye Mary Anderson, alisafiri kwenda New York wakati wa baridi kali. Alipanda gari la abiria la reli ya mjini siku ya theluji. Aliona dereva akihangaika: kioo cha mbele kilifunikwa na theluji, na ili aone njia ilimlazimu akifungue, baridi ikampiga usoni yeye na abiria wake.

Mary Anderson hakuwa fundi wa magari, lakini alikaa akachora. Alibuni mkono wenye mpira unaopita juu ya kioo kwa nje, ukiendeshwa kwa mpini ulio ndani karibu na dereva. Aliomba hataza mwezi Juni 1903, akapewa tarehe 10 Novemba mwaka huo huo, hati namba 743,801.

Basi, alitajirika? Hapana. Mwaka 1905 alijaribu kuiuza haki yake kwa kampuni moja ya Canada. Walimjibu kuwa hawaoni thamani ya biashara ya kutosha katika kitu hicho. Magari yalikuwa machache wakati ule, na watu hawakuuona umuhimu wake. Mwaka 1920 miaka yake 17 ikamalizika. Ni katika miaka hiyo hiyo ya 1920 ambapo waipa zilianza kuwa kitu cha kawaida katika magari. Mary Anderson alifariki mwaka 1953 bila ya kupata faida ya hati yake, na mwaka 2011 ndipo alipoingizwa katika orodha ya heshima ya wabunifu wa Marekani.

Hapa tunajifunza kuwa hataza haileti riziki yenyewe. Inakupa muda wa kufanya kazi bila ya kuigwa, na muda huo unahesabika kama mchanga unavyodondoka.

KAHAWA: HATI PAMOJA NA JUHUDI

Historia ya kunywa kahawa inaanzia kwa masufi wa Yemen katika karne ya 15, waliokuwa wakiinywa ili wakeshe katika dhikri. Ilipofika Ulaya iliendelea kusumbua kwa machicha yake. Mwaka 1908, katika mji wa Dresden, Ujerumani, mama wa nyumbani aitwaye Melitta Bentz alichoshwa na kahawa chungu yenye machicha. Alichukua chombo cha shaba, akakitoboa kwa msumari, akaweka ndani yake karatasi ya kukaushia wino aliyoichukua katika daftari la shule la mwanawe. Akamimina maji ya moto juu ya kahawa. Kilichotoka chini kilikuwa safi.

Hakuishia kuwaonjesha majirani. Mwaka huo huo wa 1908 alikisajili chombo chake katika Ofisi ya Hataza ya Dola ya Ujerumani. Hakupata hataza kamili, bali kinga ndogo waliyoiweka Wajerumani kwa vifaa vya matumizi, iliyodumu miaka 3 na kuweza kuongezwa ifike 6. Mwezi Desemba aliandikisha biashara kwa mtaji wa senti 73 za Kijerumani, kazi ikaanzia nyumbani, mumewe na watoto wakisaidia. Mwaka 1909 waliuza vyombo 1,200 katika maonyesho ya biashara ya Leipzig. Kampuni ile bado ipo na bado ni ya ukoo wao. Kinga yake ilikuwa fupi kuliko ya Mary Anderson, lakini aliutumia kila mwaka wake.

HATI YA DOLA MOJA

Mtu aweza kuuliza: je, hataza ni ya wapenda mali tu? Tuangalie mfano wa dawa ya insulini, inayowasaidia wagonjwa wengi wa kisukari katika familia zetu. Ilipatikana mjini Toronto, Canada, mwaka 1921 na 1922. Waliohusika walichukua hataza, kisha mwaka 1923 Banting, Best na Collip wakaiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki zao kwa dola moja kila mmoja. Kwa nini wasiiache wazi tu? Kwa sababu wangeiacha, mfanyabiashara mmoja angeweza kusajili njia ya kuitengeneza na kuwafungia wengine wote. Hati ile ile inayoweza kumfaidisha mtu mmoja ilitumika kuwalinda wengi, karibu na mtu anayekiweka kisima chake wakfu ili asije mwingine akakizungushia ukuta.

WANAZUONI WANASEMAJE?

Wapo waliouliza kama fikra inaweza kumilikiwa, kwani haishikiki wala haipimwi kwa mizani, na elimu haifai kufichwa. Suala hili lilijadiliwa na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya jumuiya ya OIC, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi Desemba 1988 (Jumadal Ula 1409). Baraza liliamua kuwa haki za utunzi, za ubunifu na za majina ya biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, zinalindwa na sheria ya Kiislamu, na haijuzu kuzivamia. Mwenyewe anaruhusiwa kuziuza au kuzihamisha, maadamu hakuna udanganyifu.

Na tukumbuke kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Dini yetu haikuona kuwa kuandikishana ni dalili ya kutoaminiana. Kuandika kunalinda udugu usivunjike.

SISI TUFANYE NINI?

Wanafunzi wapendwa, pengine miongoni mwenu yupo anayetengeneza jiko linalotumia mkaa kidogo, au kifaa cha kukunia nazi kisichokata vidole. Yafaa azingatie haya:

1. Andika fikra yako katika daftari, pamoja na mchoro na tarehe.

2. Usikitangaze kitu chako wala kukipeleka kwenye maonyesho kabla ya kuuliza habari za usajili, kwani kikishajulikana huenda kikahesabiwa si kipya. Tanzania Bara ofisi husika ni BRELA, Zanzibar ni BPRA, Kenya ni KIPI, na Uganda ni URSB.

3. Kumbuka kuwa hataza ya nchi moja haikulindi katika nchi nyingine mpaka uombe na huko.

4. Usiige kazi ya mwenzako ukaiita yako, iwe ni chombo au ni insha ya darasani. Kwanza hiyo ni dhuluma, hata kama hakuna hakimu aliyekuona.

5. Muda wa hataza ukimalizika, kitu ni halali kwa kila mtu kukitengeneza. Kutumia elimu iliyoachwa wazi si wizi, bali ndiyo faida yake.

Wazazi nao wasimvunje moyo mtoto anayefungua redio mbovu au kutoboa kopo kwa msumari. Chujio la Melitta Bentz lilianza kwa msumari.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atupe elimu yenye manufaa, atujaalie tuwe watu wa kutoa haki kwa wenyewe, na atulinde na kula jasho la wengine. Amin.

Wabillahi Tawfiiq.