Uwanja Mzuri wa Kuchezea

Watoto, kucheza si uvivu. Tazameni mwana-mbuzi: akisha shiba maziwa, hurukaruka kando ya mama yake. Huko Lwiro, katika nchi ya Kabare, kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2002 cha kulea sokwe walionyang'anywa mama zao na wawindaji. Sokwe wadogo hukimbizana, hupanda, huvutana miguu. Hivyo mwili wao hupata nguvu, nao hujifunza kukaa na wenzao. Mtoto wa binadamu ni vile vile. Mwaka 1989 mataifa yalipatana juu ya haki za mtoto, na katika fungu la 31 yaliandika kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza.

Lakini acheze wapi? Katika Bukavu na katika vijiji vilivyo njiani kwenda Lwiro, nyumba zinaongezeka na mahali pa wazi panapungua. Kwa hiyo watoto wengi huchezea barabarani, au ukingoni mwa korongo. Basi yafaa tujue namna ya kuchagua uwanja. Uwanja mzuri hautambulikani kwa ukubwa wake wala kwa majani mabichi. Kabla ya kupiga mpira, jiulizeni maswali matano.

La kwanza: Je, ardhi imetulia? Nchi yetu ni nchi ya milima. Wekeni mpira chini, kisha uacheni. Ukibiringika wenyewe, hapo ni mtelemko: mpira utakwenda daima upande mmoja, na mtoto anayeukimbilia aweza kutumbukia korongoni. Tena tazameni udongo. Mkiona nyufa ndefu, au miti iliyoinama, au kuta za nyumba za karibu zimepasuka, ondokeni, kwa maana huenda mlima unatembea. Hili si neno la mzaha. Katika Bukavu, mtaa wa Funu una nyumba nyingi sana, na udongo ulio chini yake unateleza polepole kuelekea bondeni. Wataalamu wameupima mwendo wake kwa vyombo vilivyo juu angani.

La pili: Maji huenda wapi? Mahali palipo pakavu mwezi wa Julai pengine ni njia ya maji mwezi wa Novemba. Nendeni mkapatazame siku moja baada ya mvua kubwa. Madimbwi huzaa mbu, na maji yaliyosimama yenye konokono yaweza kuleta kichocho. Tena uwanja usiwe chini ya choo, kwa maana mvua hushusha uchafu wote. Na wenye jamaa huko Goma au Sake wajue jambo lingine. Katika mashimo ya huko hutoka hewa mbaya ardhini, nayo huitwa mazuku. Haionekani kwa macho. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hukaa chini kama maji katika bakuli. Mtu mrefu aweza kusimama, naye mtoto au mbuzi aliye karibu naye akaanguka na kufa. Huko watoto wasichezee shimoni kamwe, hasa asubuhi mapema, upepo ukiwa umelala.

La tatu: Radi ikija, mtakimbilia wapi? Mwaka 2016 wataalamu waliohesabu radi za dunia nzima walitangaza kwamba mahali pa kwanza kwa wingi wa radi ni ziwa Maracaibo, katika Venezuela. Mahali pa pili ni milima hii yetu, nao walipataja kwa jina la Kabare. Wako watu wasemao kwamba radi hutumwa na jirani mwenye wivu. Sivyo. Radi hutoka mawinguni, na hupenda kupiga kitu kirefu kilichosimama peke yake. Basi mkaratusi mmoja katikati ya uwanja ni kivuli kizuri wakati wa jua, lakini ni hatari wakati wa mvua. Chagueni uwanja ulio karibu na shule au nyumba imara. Mkisikia ngurumo, ingieni ndani, hata kama bao limebaki moja. Baada ya ngurumo ya mwisho ngojeni nusu saa.

La nne: Kuna nini karibu? Pikipiki na malori hayamngoji mtoto anayefuata mpira. Pasipo ukuta wala ugo, uwanja ukae mbali na barabara. Zungukeni wote pamoja na mtu mkubwa, mkitafuta chupa zilizovunjika, misumari na nyaya. Na kwa kuwa vita vimepita katika nchi hii mara nyingi, mkikuta chuma msichokijua, msikiguse, wala msikitupie jiwe. Rudini kwa njia ile ile mliyojia, mkamwambie mwalimu upesi.

La tano: Uwanja ni wa nani? Mwaka 1846, mjini Torino katika Italia, padri Giovanni Bosco alikuwa akikusanya mamia ya vijana maskini. Walifukuzwa mahali baada ya mahali. Wengine walichoshwa na kelele. Wenye shamba moja walisema miguu ya vijana inaua majani mpaka mizizi. Mwishowe Bosco alikodi banda la mtu aitwaye Pinardi, pamoja na kiwanja kando yake, akapatana naye kodi. Tangu hapo vijana wake hawakuhamahama tena. Nasi tufanye hivyo. Mahali pasipo na mapatano, leo mnacheza, kesho mnakuta mawe ya msingi. Waombeni wazazi na mwalimu waende kwa mwenye shamba na kwa mkubwa wa kijiji, waandike barua mbele ya mashahidi. Tena mama mmoja anayeuza ndizi karibu, anayewaona watoto wote, ni mlinzi bora kuliko ugo wa miiba.

Msikate tamaa mkipata mahali padogo. Baada ya vita kuu ya pili, mji wa Amsterdam, katika Uholanzi, haukuwa na nafasi. Tangu mwaka 1947 fundi Aldo van Eyck alitumia viwanja vidogo vilivyobaki kati ya nyumba. Aliweka sanduku la mchanga, mawe ya kurukia na vyuma vya kupandia, basi. Katika miaka thelathini hivi alipanga viwanja vya michezo karibu 700.

Hata sisi tunaweza. Mchanga uko mtoni, magogo yako msituni, mpira wa maganda ya migomba mnajua kuufunga. Kinachotakiwa ni ardhi iliyotulia, na watu wakubwa waliokubali kwamba hapo ni pa watoto.

Maswali
1. Kwa nini mpira huwekwa chini na kuachwa?
2. Kwa nini tutazame uwanja baada ya mvua?
3. Mkisikia ngurumo mkiwa mchezoni, mtafanya nini?
4. Tajeni mahali pamoja pa wazi karibu na kwenu. Pana ubaya gani? Nani aweza kuuondoa?