Kuhama Kampuni ya Simu Bila Kuacha Namba

Sajini mmoja wa kikosi chetu, aliyehamishwa kutoka Juba kwenda kituo cha mbali, alikuta huko mnara wa kampuni moja tu ya simu, nayo si kampuni yake. Akafanya afanyalo kila askari: akanunua laini mpya, ya zamani akaitupa. Mama yake, mkimbizi katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, alikuwa na namba moja tu ya mwanawe, aliyoiandika ndani ya jalada la Biblia. Miezi mitano baadaye aliipiga, akaitikiwa na sauti ya mtu asiyemjua. Bibi yule akakata shauri kwamba mwanawe ameuawa, akaweka matanga.

Habari hiyo ilipotufikia ofisini, twakiri kwamba tulimlaumu Sajini kwa uzembe. Baadaye tulibadili fikira. Namba ambayo mtu haruhusiwi kuondoka nayo si mali yake. Kila kampuni hupewa fungu lake: 091 ni za Zain, 092 ni za MTN, na 095 zilikuwa za Vivacell. Mitambo husoma tarakimu hizo, ikajua mara moja mahali pa kupeleka simu. Kwa hiyo mteja atokaye huiacha namba kama askari aachavyo bunduki ghalani siku ya kustaafu, nayo kampuni, baada ya muda, huweza kuikabidhi kwa mwingine.

Wakazi wa Juba wameyaonja mambo haya zaidi ya mara moja. Kabla ya uhuru wa Julai 9, 2011, namba za Gemtel zilitumia 256, alama ya Uganda, na za kampuni nyingine 249, alama ya Sudan. Watu wawili waliosimama pamoja sokoni Konyo Konyo waliweza kupigiana simu ikahesabiwa kama iliyovuka mpaka. Ndiyo maana watu walitembea na simu mbili, hata tatu, mifukoni. Uhuru ulipokuja tukapata 211 yetu wenyewe, na mabadiliko hayo tuliyapokea kwa shangwe. Machi 2018 hapakuwa na shangwe. Serikali ilisimamisha kazi za Vivacell kwa sababu ya mzozo juu ya ada za leseni. Hatuuingii mzozo ule, si kazi yetu. Tunalokumbuka ni kwamba hapakuwa na utaratibu wa kuhama na namba, na namba za 095 zikanyamaza pamoja na kampuni.

Jirani zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo tulijiunga nayo mwaka 2016, wamelipatia jambo hili dawa. Kenya ilianza Aprili 1, 2011, na Tanzania Machi 1, 2017. Huko Tanzania mteja huenda na kitambulisho kwa wakala wa kampuni anayotaka kuhamia, kisha hutuma neno HAMA kwenda namba 15080. Hana haja ya kwenda kuomba ruhusa kwa kampuni anayoiacha. Kinachowezesha ni daftari kuu la kompyuta linaloonyesha namba ipi imehamia wapi. Kampuni hulitazama kabla ya kupeleka simu, wala hazitegemei tena tarakimu za mwanzo.

Hata hivyo, Wakenya waliohama walikuwa wachache kuliko ilivyotazamiwa. Sababu kubwa ni fedha. M-Pesa ilikuwako tangu mwaka 2007, na namba ikihama, mfuko wa fedha hauhami nayo. Askari mwenye akiba katika m-Gurush au MoMo na alielewe hilo: anayeacha laini yake, kwa njia yoyote ile, hana budi kutoa fedha zote kwanza, na salio la maongezi alimalize.

Kwa ndugu zetu wa polisi liko jambo zito zaidi. Raia aliyezoea kumpasha habari ofisa fulani hupiga namba ileile aijuayo. Ikiwa imekwisha kupewa mtu baki, siri huingia katika sikio lisilostahili, pengine la mhalifu mwenyewe. Orodha ya namba iliyobandikwa katika chumba cha zamu nayo huchakaa upesi. Tumeona moja ambayo nusu ya namba zake hazikuwa na wenyewe. Kuipitia kila mwezi ni kazi ya dakika kumi, na ofisa wa zamu asiyetaka kuifanya tungependa atueleze anafanya nini.

Sajini alimpata mama yake siku ya nne ya matanga, kwa simu ya jirani pale kambini. Mama hakuamini, kwani sauti ya mgeni alikwisha kuisikia katika namba ya mwanawe. Alisadiki pale tu alipotajiwa rangi ya fahali aliyekuwa wa Sajini utotoni. Siku hizi Sajini ana simu ya laini mbili, na ile Biblia imeandikwa namba tatu: mbili zake, na moja ya kikosi.